Kukwapua, wizi na unyang'anyi wa kutumia silaha: mstari unapita wapi?

Binti Ndanda

Habari za jioni, wakuu. Tunaandaa mafunzo ya siku moja kwa wenyeviti wa vitongoji na wasaidizi wa kisheria wa Ndanda, Lukuledi na Nanganga kabla minada ya korosho haijaanza. Fedha ikianza kuingia mikononi, matukio huongezeka, na kila tukio huku kwetu lina jina moja tu: ujambazi. Mtu anafika kituoni anasema "nimeporwa", baadaye hati ya mashtaka inasomwa ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na kesi inakuja kuanguka kwa sababu ambazo hakuna aliyezieleza kijijini.

Naomba mnisaidie kupanga mifano hii kisheria.

Wa kwanza: abiria wawili wanapanda bodaboda usiku, mmoja anamkaba dereva shingo, mwingine anatoa panga, wanaondoka na pikipiki. Wa pili: dada anaongea na simu barabarani, kijana juu ya pikipiki anaipitia simu na kutokomea. Wa tatu: mwizi amevunja duka usiku, mwenye duka anaamka na kumkimbiza, mwizi anatupa mzigo chini kisha anarusha jiwe linalompiga mwenye duka. Wa nne: mtu wa kangomba (anayenunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi) alimkopesha mkulima fedha wakati wa njaa, msimu unafika anakuja na panga kiunoni na kubeba magunia mawili ya korosho kwa nguvu.

Je, vyote ni unyang'anyi? Na silaha inaanzia wapi?

Msomi wa Ligula

Dada, umeuliza vizuri kwa sababu umeleta matukio na si majina ya makosa. Nitaacha la kangomba kwa wengine, maana lina mjadala wake.

Anza na wizi, siku zote. Unyang'anyi ni wizi uliotiwa nguvu, kwa hiyo wizi usipothibitika hakuna unyang'anyi wa aina yoyote. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinataka mtu awe amechukua kitu kinachoweza kuibwa, kwa nia ya udanganyifu, bila kuwa na dai la haki juu yake. Nia hiyo kwa kawaida ni kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Halafu lazima kitu kisogee. Wakimkaba dereva kabla pikipiki haijasogezwa hata hatua moja, wananchi wakatokea, huo ni unyang'anyi uliojaribiwa na una kifungu chake.

Kisha njoo kwenye nguvu. Kifungu cha 285 kinasema nguvu hiyo, au tishio la nguvu, iwe wakati wa kuiba, mara tu kabla, au mara tu baada ya kuiba. Na iwe na shabaha: kukipata kitu, kubaki nacho, au kuzuia na kushinda upinzani wa anayekilinda. Hapa ndipo semina nyingi zinapita haraka na kesi nyingi zinapofia. Swali si "alipigwa?" peke yake. Swali ni "alipigwa ili iweje?" Watu wawili wanagombana kilabuni, mmoja anampiga mwenzake ngumi kwa hasira za maneno, simu inadondoka, mpigaji anaiokota na kuondoka nayo. Kuna shambulio na kuna wizi. Unyang'anyi haupo, kwa kuwa ngumi ile haikupigwa kwa ajili ya simu.

Mfano wako wa kwanza basi hauna utata. Kukaba ni nguvu, panga ni silaha, vyote vimetumika ili pikipiki ipatikane. Hicho ni kifungu cha 287A, kilichoingizwa mwaka 2004 na kurekebishwa 2011. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: wizi umetokea, mtuhumiwa alikuwa na silaha au kifaa cha hatari wakati huo au mara tu kabla au baada yake, na nguvu au tishio vilielekezwa kwa mtu ili mali ipatikane au ibaki. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, na hakimu anaweza kuongeza viboko. Kuwa ni kosa lake la kwanza hakumpunguzii hata mwaka mmoja chini ya hapo.

Angalia pia tofauti ndogo ambayo wengi hawaisomi. Kifungu cha 285 kinataja nguvu kwa mtu au kwa mali. Cha 287A kinataja mtu tu. Aliyevunja kufuli la banda kwa nondo wakati hakuna mtu yeyote, akachukua magunia, hajafanya unyang'anyi wa kutumia silaha hata kama nondo ni silaha. Hakuna aliyetishwa. Huko ni kuvunja na kuiba.

Mfano wa pili, simu iliyopitiwa mkononi. Kama iliondoka kama upepo, dada hakusukumwa, hakuvutwa, hakutishwa, mahali pake ni wizi kutoka maungoni mwa mtu, kifungu cha 269, ambacho ukomo wake ni miaka 10. Badilisha kitu kimoja tu: badala ya simu ni mkoba, dada anaung'ang'ania, pikipiki inamburuta, magoti yanachubuka. Sasa nguvu imeshinda upinzani, na tumehamia 285. Kianzio cha adhabu huko ni miaka 15, na Sheria ya Adhabu za Chini, Sura ya 90, inapandisha hadi 30 mtu akijeruhiwa au kupigwa, au watendaji wakiwa zaidi ya mmoja. Hivyo wasidhani kwamba bila panga adhabu ni nyepesi.

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda kufundishia. Mwizi amekwishatupa mzigo, kisha anarusha jiwe. Jiwe lile ni la kubaki na mali? Mali iko chini nyuma yake. Anataka kubaki na uhuru wake, si na mali. Kwa maneno ya kifungu, nguvu ya kukimbia baada ya kuiachia mali si nguvu ya kuipata wala ya kubaki nayo. Mashtaka yaliyo salama ni kuvunja jengo na kuiba, pamoja na shambulio la kudhuru mwili. Lakini akirusha jiwe huku bado ana katoni begani, hoja yote inageuka, na jiwe lenyewe linaweza kuhesabiwa kuwa silaha.

Silaha inaanzia wapi? Panga, kisu, bunduki na gobore havina maswali. Kwa rungu, jiwe, chupa au nondo mahakama itaangalia namna kilivyotumika. Mikono mitupu si silaha. Hata ngumi ikivunja meno, huwezi kuishtaki chini ya 287A.

Namba ninazotaja ni zile zilizozoeleka mahakamani kwa miaka mingi. Atakayefungua Toleo la Sheria la 2023 alinganishe kichwa cha kifungu kabla hajanakili namba.

Lukuledi

Msomi amemaliza sheria, naongeza upande wa ushahidi, maana kesi za unyang'anyi huanguka hapo mara nyingi kuliko kwenye tafsiri ya kifungu.

Hati ya mashtaka kwanza. Maelezo ya kosa lazima yataje aliyefanyiwa nguvu au kutishwa. Ukisoma "waliiba pikipiki mali ya fulani, na mara tu kabla ya kuiba walitumia panga", bila kusema panga walilitumia dhidi ya nani, hati hiyo ina tundu. Mahakama ya Rufani imesema hivyo katika rufani kadhaa, kwa sababu nguvu kwa mtu ndiyo roho ya kosa. Kwa bodaboda tundu hili ni la kawaida sana, kwani mwenye kadi ya pikipiki yuko Mtwara mjini na aliyekabwa ni kijana wa hesabu ya siku. Sheria inamtambua kijana huyo kama mmiliki maalumu kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa nayo mkononi. Hati itaje wote wawili kwa nafasi zao.

Pia kilichoandikwa kifanane na kitakachosemwa kizimbani. Hati inasema panga, shahidi anasema nondo. Hati inasema shilingi 450,000, shahidi anasema 700,000. Hati inaweza kurekebishwa kesi ikiwa bado inaendelea. Baada ya hukumu umechelewa. Silaha yenyewe si lazima iletwe mahakamani kama mashahidi wanaaminika kwamba ilikuwepo, ila wataje ilikuwa nini na ilishikwa na nani.

Kutambuliwa kwa mtuhumiwa ndiko kuzito kuliko yote. Matukio mengi ni ya usiku, na mwongozo unaotumika hadi leo ni wa kesi ya Waziri Amani ya 1980: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa nini, kulikuwa na kizuizi, na je, alimfahamu kabla. "Kulikuwa na mwanga wa kutosha" haitoshi. Anatakiwa aseme ni taa ya sola iliyokuwa barazani, iliyokuwa hatua nne kutoka mlangoni, na ule weupe wake ulimpiga mtu usoni au mgongoni. Taa ya pikipiki inamulika mbele, hivyo abiria aliyekaa nyuma ya dereva hamulikwi nayo. Tochi ya simu ikiwa mkononi mwa mvamizi inamuumiza macho anayemulikwa, haimsaidii kuona. Wakili wa utetezi atayauliza haya yote.

Kama shahidi hakumfahamu mtuhumiwa kabla, kunahitajika gwaride la utambulisho. Kanuni za Jumla za Polisi, namba 232, zinataka watu wasiopungua wanane wanaofanana kwa umri, kimo na mwonekano. Shahidi awe ametoa maelezo ya sura na maumbile kabla ya gwaride. Akionyeshwa mtuhumiwa kwenye benchi la kituo halafu kesho yake akamchagua kwenye gwaride, kazi yote ni bure.

Binti Ndanda

Asanteni sana. Kuna jambo linalowasumbua wenyeviti: pikipiki inakamatwa kwa fundi au kwa mnunuzi wiki kadhaa baadaye. Hakuna aliyemwona usiku ule. Anaweza kutiwa hatiani kwa unyang'anyi?

Lukuledi

Anaweza, kwa kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni, ila masharti yote yatimie. Mali ikutwe kweli kwake. Mlalamikaji aitambue bila shaka kuwa ni yake. Iwe imeibwa karibuni. Na iwe ndiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Hapo ndipo mtuhumiwa anatakiwa atoe maelezo yanayoingia akilini, na akitoa maelezo yanayowezekana, hata kama hayapendezi, faida ya shaka ni yake.

"Karibuni" haina idadi ya siku. Simu hubadilisha mikono asubuhi moja, kwa hiyo miezi mitatu ni mbali. Kitu kisichouzika upesi kina muda mrefu zaidi. Na kama maelezo ya fundi yanaonyesha aliuziwa huku akijua, kosa lake ni kupokea mali ya wizi, kifungu cha 311, si unyang'anyi.

Utambuzi wa mali ufanyike kwa alama. Pikipiki ina namba ya chasisi na ya injini, na kadi iletwe. Simu ina IMEI, yaani namba yake ya utambulisho, kwenye boksi au risiti. Gunia la korosho ndilo gumu kweli. Magunia yanafanana, korosho zinafanana, na shahidi akisema "nimelijua kwa kuliona" hajasema kitu. Lakini akisema, kabla hajaonyeshwa, kwamba mdomo wa gunia ulishonwa kwa uzi wa bluu wa nyavu na ubavuni kuna kiraka alichokiweka kwa kitambaa cha kanga, kisha gunia likafunguliwa na vyote vipo, hapo amelitambua. Utaratibu ni huo: aeleze alama kwanza, aonyeshwe baadaye.

Upekuzi nao uwe na hati ya ukamataji mali, iliyosainiwa na aliyepekuliwa na shahidi huru. Mwenyekiti wa kitongoji akiitwa kuwa shahidi wa upekuzi asisaini karatasi iliyojazwa kituoni siku ya pili. Asaini palepale, baada ya kuona kila kilichoandikwa.

Mama Rondo

Wanangu, mmeliruka la kangomba na ndilo litakaloulizwa na chumba kizima.

Wizi unataka kusiwe na dai la haki. Kifungu cha 9 kinasema mtu hawajibiki kijinai kwa kosa la mali kama alitenda akitumia dai la haki kwa uaminifu na bila nia ya kudanganya. Kwa hiyo kama mdai aliamini kwa dhati kwamba magunia yale mawili ni yake kwa makubaliano, nguzo ya wizi inatikisika, na ikitikisika unyang'anyi unaondoka nayo, panga liwepo lisiwepo. Mahakama haiulizi kama dai lake lingeshinda katika kesi ya madai. Inauliza kama aliliamini kweli.

Hilo halimpi ruhusa ya kumtisha mkulima. Kutishia kwa panga ni kosa linalosimama lenyewe, na akimjeruhi kuna kudhuru mwili, kifungu cha 241, miaka 5, au madhara makubwa, kifungu cha 225, miaka 7. Mkulima asiambiwe kwamba hana pa kwenda kwa kuwa "ni deni".

Msomi wa Ligula

Shikamoo mama. Nakubali kanuni, ila nisingependa watu watoke kwenye mafunzo wakidhani neno "deni" ni ngao. Kudai shilingi na kudai kitu ni mambo mawili. Mkulima alikopa fedha. Je, walikubaliana kwamba magunia haya ni ya mdai, au mdai ameamua mwenyewe kuyafanya malipo? Na idadi je? Tuseme deni ni la gunia moja, kabeba mawili na redio. Lile gunia la pili na redio vinaonyesha nia tofauti. Tena kangomba imekatazwa, na aliyekuja usiku kwa njia ya kujificha, akaficha magunia, atapata taabu kumshawishi hakimu kwamba aliamini ana haki. Uaminifu wa dai husomwa kwenye mwenendo wake.

Mama Rondo

Marahaba, na umenena. Kwa hiyo mwenyekiti aandike makubaliano yalivyokuwa kwa maneno ya pande zote mbili, na aandike kilichochukuliwa kimoja kimoja. Ushahidi wa dai la haki huwa uko pale kijijini, haupo kituoni.

Niongeze kuhusu dhamana, maana familia hutapeliwa hapo. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana chini ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kama ilivyo kwa mauaji na uhaini. Anayewaambia ndugu "leteni laki tano nitamtoa kwa dhamana" anawaibia. Ndiyo maana neno "silaha" kwenye hati lina uzito tangu siku ya kwanza: kijana aliyepokonya mkoba kwa mikono mitupu akiandikiwa silaha, atakaa mahabusu hadi kesi iishe. Ushahidi wa silaha ukikosekana mwishoni, mahakama inaweza kumtia hatiani kwa kosa dogo lililomo ndani ya lile kubwa, unyang'anyi wa kawaida au wizi, lakini miezi ya mahabusu imeshapita.

Na umri. Mtoto chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha jela hata kwa kosa hili. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 119, inakataza. Cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki vitafutwe mapema, si siku ya hukumu.

Binti Ndanda

Nimeelewa mama, asante. La mwisho: usiku wa tukio, mtu anakuja kugonga kwa mwenyekiti saa nane. Mwenyekiti afanye nini kabla polisi hawajafika?

Lukuledi

Daftari na kalamu. Aandike saa aliyogongewa, kisha amwache mlalamikaji aseme bila kumwekea majina mdomoni. Kama amemtambua mtu, jina liandikwe usiku uleule, kwa kuwa kumtaja mtuhumiwa mapema kunaupa utambuzi nguvu, na kumtaja baada ya siku nne bila sababu kunautia shaka. Kama hamjui, aandike kimo, sauti, lafudhi, nguo, kovu. Aandike mwanga ulikuwa wa nini na ulikuwa upande gani. Aandike kila kitu kilichochukuliwa, alama zake, na nani alishika silaha gani.

Aliyejeruhiwa apelekwe kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya hospitali, isipokuwa kama hali yake ni mbaya. Hapo matibabu yatangulie, fomu ifuate.

Mtuhumiwa akikamatwa na wananchi, asipigwe na akabidhiwe polisi bila kuchelewa. Maneno aliyoyasema huku akipigwa hayatasaidia, na polisi wana saa nne za kumhoji tangu awe chini ya ulinzi wao, bila kuhesabu muda wa safari ya kumfikisha kituoni, mpaka waombe nyongeza. Kumfungia kwenye ofisi ya kijiji hadi asubuhi kunazaa ubishi wa saa ambao utetezi utauvuta hadi Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Kwa hiyo kwenye ukurasa uleule wa daftari aandike pia saa aliyokamatwa, saa aliyokabidhiwa, na jina la askari aliyempokea.